Pazia la Mdogo Wake

Wivu wa ndugu, usiombe yakukute. Fundi cherehani huyu alikuwa nao wa kugawia mtaa mzima, na wote aliuelekeza kwa mdogo wake wa tumbo moja, aliyeolewa na mwenye maduka. Aliye juu mngoje chini, alijisemea. Akamngoja miaka, wala mtu hakushuka. Si nyumba wala gari vilivyomkera. Alichomwonea wivu mdogo wake ni daktari.

Mdogo mtu alikuwa amepata uvimbe kwenye titi. Huko hospitali ya kulipia alipewa chumba peke yake, daktari akabisha hodi kabla ya kuingia, tena akamwomba radhi kwa mikono yake ya baridi. Uvimbe ukatolewa, akapona. Sasa fundi naye kapata uvimbe wa kwake, na kwenye zahanati anayoimudu wanawake huvua blauzi wakiwa bado kwenye benchi, koridoni, ili foleni iende haraka. Alikwenda mara moja, akafika kifungo cha pili, akavifunga vyote akarudi nyumbani.

"Dada, twende kwa daktari wangu, nitalipa."

"Baki naye daktari wako. Mimi si wa kuokotwa."

Jeuri tupu, na roho inamuuma. Titi la yule liombwe radhi, lake lianikwe koridoni? Kwani walinyonya kwa mama tofauti?

Uvimbe ulipoanza kuuma hata akikanyaga cherehani, akarudi zahanati. Mdogo mtu aling'ang'ania kumsindikiza, kapendeza, ananukia. Wakakaa benchini. Muuguzi akamtupia jicho mdogo mtu, akaingia stoo, akatoka anasukuma pazia la magurudumu, jipya kabisa.

"Karibu mama, tukusitiri."

"Mgonjwa ni dada yangu," mdogo mtu akasema.

Muuguzi akamwangalia fundi, akashuka na macho mpaka kwenye kandambili, akaanza kulirudisha pazia stoo.

Kumbe lilikuwepo siku zote! Wivu ukampanda fundi hadi kooni. Akasimama, akalikamata.

"Liache hapa. Ulitaka kumsitiri yeye, basi nisitiri mimi. Na huyu mama anayenifuata, na yule wa nyuma yake."

Muuguzi akaachia. Fundi akaingia nyuma ya pazia, akaanza kufungua vifungo, na bado alikuwa anamwonea mdogo wake wivu.