Farasi Aliyezipenda Buti Zangu
Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi, naandika polepole. Nafanya kazi kwenye banda la farasi, nje kidogo ya mji wa Hyattsville, huku ughaibuni. Buti zangu zinavuja, kwa hiyo kukiwa na theluji navaa mifuko ya plastiki juu ya soksi. Farasi mmoja akaanza kunifuata kila mahali. Nikajisifu kwamba ananipenda, na Dada Neema, msimamizi wetu, akakubali nimpande.

“Buti pana hizo zitanasa kwenye vikanyagio vya tandiko ukipanda, mdogo wangu. Vaa zangu.”

Nikavua, mifuko ikabaki ndani. Farasi akanipita, akaingiza pua kwenye buti.

“Kumbe mchumba wako alisikia mfuko ukichakacha, akadhani una karoti!” Dada akacheka. “Haya, panda tu.”

Wasomaji, niandikieni: nitapata wapi buti nyembamba zisizopitisha maji, za kufagilia banda na kupandia farasi?