Goti la Shemeji Hezekia

Dada yangu Bhoke aliolewa na fundi wa mazulia. Hapa kijijini Gorong'a, mwaka 1953, hakuna aliyejua hiyo ni kazi gani. Hezekia Mniko alikaa Nairobi miaka tisa akitandika mazulia katika nyumba za Wazungu, na vita vya Mau Mau vilipochacha alirudi na vitu viwili: zulia jekundu kuukuu alilopewa na bwana wake aliyekuwa akihama, na chuma cha kulivutia. Chuma hicho kilikuwa na meno mbele na mto wa ngozi nyuma. Unang'atisha meno kwenye zulia, unapiga mto kwa goti, zulia linasogea na kunaswa na misumari. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba na kukomaa kwa kazi hiyo, naye aliwaonyesha wageni bila kuombwa.

Nilikuwa naishi kwao nimsaidie dada na mtoto wake, Veronika, kwa hiyo nililiona zulia likiingia. Hezekia alipigilia mbao zenye misumari chini kuzunguka kuta, na nyingine kuzunguka nguzo ya kati, ile iliyobeba paa lote la nyasi. Akavuta tangu asubuhi mpaka jioni, zulia likakaza kama ngozi ya ngoma. Siwezi kusema sikulipenda. Nilitembea juu yake peku huku nikicheka peke yangu.

Mama yake Hezekia, Agustina, hakucheka. Alisimama mlangoni na ndoo ya mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, kama alivyofanya kila Jumamosi tangu nyumba ijengwe.

"Mura, mwanangu, sasa nitasiriba wapi?"

"Mama, kusiriba kumekwisha. Zulia halisiribwi."

"Na wale wa chini?"

"Wa chini akina nani?"

"Mchwa. Ulifikiri kwa majivu yale nilikuwa naipamba ardhi?"

Hezekia alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Mama akairudisha ndoo zizini.

Mwaka uliofuata kukatokea uvimbe karibu na nguzo, mdogo kama kiazi. Hezekia alisema zulia limelegea, akapiga goti, ukalala. Baada ya wiki ukarudi, umekuwa mkubwa kidogo. Akapiga tena. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile: uvimbe unainuka, shemeji anachukua chuma chake, sisi tunahamisha vigoda.

"Baba Veronika, fungua tuone kuna nini," dada alimwomba.

"Fundi akifungua zulia amekiri kwamba hakulitandika vizuri."

Watu walikuwa wakitoka mpaka Nyamwaga kuja kulitazama. Angelifunguaje? Sikio la kufa halisikii dawa.

Mama mgongo ulimsumbua, kwa hiyo kila siku alikaa chini akiegemea nguzo ile. Siku moja akaigonga kwa vidole, akaniita niweke sikio. Ililia kama kibuyu kitupu. Ndani nikasikia mchakacho mdogo, kama mtu anayesugua majani makavu ya mahindi. Nilimwambia Hezekia.

"Shemeji, hilo ni tumbo lako," alisema. "Nenda kale."

Tangu hapo sikutaka Veronika alale ndani mchana. Nilimbeba mgongoni hata nikipura ulezi.

Aprili 1955 mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Nyasi za paa zikalowa zikawa nzito, na maji yakawa yanadondoka juu ya zulia. Alhamisi alasiri ikakatika. Dada alikuwa jikoni nje na mtoto, Hezekia alikuwa kwa jirani, nami nilikuwa mlangoni naondoa tope. Nikamwona mama amechukua kisu, amelibandua zulia pembeni ya nguzo kiasi cha kiganja. Chini ya zulia kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, umepanda. Mbao hazikuwapo tena. Ndoo yake ya majivu ilikuwa ubavuni.

Hezekia akaingia.

"Mama! Unaniaibisha! Jumapili Padri anakuja hapa!"

"Mura, tazama kwanza."

Alitazama kisu. Alitazama ndoo. Hakutazama chini. Nilisema, "Shemeji, mbao zimeliwa," naye akaniambia ninyamaze, hii si kazi ya wanawake. Akachukua chuma, akakielekeza kwenye nguzo. Mama alikuwa amechoka kubishana, akaketi mahali pake, mgongo kwenye nguzo, kana kwamba anamzuia.

Hezekia akapiga goti mara moja. Akapiga mara ya pili. Mara ya tatu meno ya chuma yaliteleza yakaivaa nguzo, na nguzo haikuvunjika kwa kishindo, ilizama tu. Nilimsikia mama akisema "Mura" kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba maji. Kisha paa likaja.

Hezekia tulimtoa akiwa mzima, ameteguka bega. Mama tulimtoa jioni.

Nilimchukia shemeji, na sijui kama nimeacha. Lakini nyumba aliyojenga baadaye ina sakafu ya udongo, na kila Jumamosi anaisiriba mwenyewe, mwanamume mzima na ndoo ya mavi, watu wakimcheka njiani. Anaisiriba akiwa ameinama, goti haligusi chini. Hata kanisani, sisi sote tukipiga magoti, yeye husimama. Wageni humwona mwenye kiburi. Mimi huketi nyuma yake, na jicho langu haliondoki kwenye goti lile.