Nusu Mbili za Penseli Nyekundu

Shangazi yangu Klara hajawahi kupita karibu na penseli bila kuinusa. Mpe penseli mpya leo, mzee alivyo na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, uone atakachofanya. Ataigeuza atazame kitako chake, kama ule moyo mweusi wa ndani, tunaouita risasi, umekaa katikati au umeegemea upande. Ataiviringisha mezani asikilize. Kisha ataipeleka puani na kufumba macho. Mgeni atadhani ni maradhi. Sisi wa nyumbani tumezoea, na tunamtania kwamba angezaliwa mchwa angekufa kwa kuvimbiwa.

Aliyapatia shuleni maradhi hayo. Miaka ile baada ya vita vya Hitler alikuwa mwalimu wa watoto wa darasa la kwanza katika shule ya misheni pale Samuye. Shule yenyewe iliezekwa kwa nyasi, na penseli hazikutosha hata siku moja. Kila muhula ulipoanza mwalimu aliketi na kisu, akakata kila penseli katikati, watoto wawili wakagawana. Nusu moja ilibaki na maandishi ya dhahabu ya kiwandani, nyingine ikawa tupu. Waliogawana waliitana ndugu wa penseli, na wengine waliendelea kuitana hivyo hata baada ya kuota ndevu.

Penseli za shule zilinunuliwa mjini Shinyanga, dukani kwa Kanji. Kanji mwenyewe alikuwa mpole. Mkewe, Maniben, ndiye aliyekuwa na macho, na hakupenda watu wanaonusa vitu bila kununua. Jumamosi moja Shangazi aliingia mle dukani akakuta mwanamume ameinama juu ya kaunta, penseli moja sikioni, nyingine tatu mfukoni, anaviringisha ya tano juu ya mbao na kuisikiliza. Shangazi alisimama mlangoni kwanza. Ananiambia alijisikia kama mtu aliyesikia lugha ya kwao katika nchi ya watu.

Akasogea, akachukua penseli moja kwenye chupa.

"Usichukue hiyo," yule mwanamume akasema bila kuinua kichwa. "Risasi yake imekaa upande. Itakatika kila ukichonga."

"Nimeshaona. Na wewe hujanisalimia."

Mwanamume akanyanyuka, akavua kofia. "Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka."

"Sasa mmekuwa wawili wa kunusa," Maniben akasema kutoka nyuma ya mizani. "Na mnunuzi ni nani?"

Huyo ndiye Athanas, karani wa kununua pamba. Kuanzia siku ile kila Jumamosi Shangazi alikuwa na shughuli mjini, hata kama shule haikuhitaji chochote. Athanas alimletea penseli bapa ya seremala, isiyoviringika ikaanguka. Alimletea ile ya zambarau inayoandika kama wino ukiilowesha kwa ulimi, nao wakailowesha wote wawili, na Shangazi akarudi Samuye na ulimi wa rangi ya zambarau. Mbuke, mama yake mdogo, alimuuliza ni matunda gani hayo yanayoliwa mjini. Shangazi akafumba mdomo akaenda kulala.

Walifanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Penseli za Shangazi zilikuwa fupi. Alizitumia mpaka vidole vikashindwa kuzishika, kisha akachomeka kile kibaki kwenye kipande cha tete akaendelea kuandika. Za Athanas zilikuwa ndefu. Alinunua, akanusa, akazipanga katika kopo la biskuti kwa rangi zake, na nyingi hazikuonja wembe. Aliandikia zile mbaya mbaya alizopewa kazini. Wakati ule walilicheka jambo hilo. Mimi nisingecheka, lakini mimi sikuwepo, na tena sijawahi kupendwa na mtu mwenye kopo.

Athanas alipokuja kuposa, babu yangu Makoye alimpokea vizuri, akamkaribisha, kisha akamtajia ng'ombe. Ng'ombe wenyewe hawakuwa wa ajabu, lakini kwa karani wa pamba mwenye kazi ya msimu walikuwa mbali. Mgodi wa dhahabu kule Geita ulikuwa unachukua makarani. Mwaka wa 1951, pamba ilipokwisha kununuliwa, Athanas aliamua kwenda.

Siku moja kabla ya safari alifika shuleni watoto wameshaondoka. Alikuwa na penseli nyekundu mpya, laini, nzuri kuliko zote alizowahi kuzipata kwa Kanji, na Shangazi anasema hata leo anaijua harufu yake. Akamwomba kisu. Shangazi akaikata mwenyewe, maana mkono wake ulikuwa umezoea, akampa nusu yenye maandishi ya dhahabu akabaki na ile tupu.

"Tuzitumie kila siku," Shangazi akasema. "Mimi hapa shuleni, wewe huko mgodini. Zikiisha, hatukai mbali tena."

"Yangu ikiisha tu, napanda lori," Athanas akasema. "Hata mshahara sisubiri."

Shangazi aliitumia. Aliandika nayo katika madaftari ya watoto, akasahihishia hesabu, akachora nayo mbuzi na kuku kwa wasioweza kusoma bado. Usidhani alikuwa hana habari na uzuri wake. Kila alipoichonga alisikitika, na kila alipoichonga alifurahi, kwa sababu ilikuwa inafupika. Masika yalipofika ilikuwa imeingia kwenye tete. Kabla watu hawajamaliza kupalilia ilikuwa imekwisha kabisa, na hata kile kibaki kilimponyoka kikapotelea mchangani. Akaanza kutazama barabara.

Barua hawakuandikiana. Barua zilifikia sanduku la misheni na kupita mikono mingi kabla ya kumfikia mwenyewe, na Shangazi hakutaka mapenzi yake yasomwe na watu wengine kwanza. Walitumiana salamu kwa vinywa vya watu waliorudi kutoka Geita. Salamu za Athanas zilikuwa tamu na zilikuwa zilezile: anakupenda, anakukumbuka, nusu yake bado ipo.

Pamba ikavunwa. Ikavunwa tena. Halafu ng'ombe wakafika. Wajomba wa Athanas waliwaswaga mpaka uani kwa Babu, wote kamili, wanono, na kulikuwa na vigelegele na pombe. Shangazi alivaa gauni jipya. Alisimama nyuma ya nyumba akitazama mwisho wa kundi, kule vumbi lilikokuwa linatulia, kuona nani anafuata. Hakufuata mtu.

"Ng'ombe wamefika," Babu Makoye akasema jioni ile. "Mwenyewe yuko wapi?"

Wajomba wakasema yuko kazini, anakuja. Babu alivumilia msimu mzima. Kisha akamwita binti yake akamweleza wazi. Kulikuwa na mtu anaitwa Selestine, fundi wa baiskeli, amefiwa na mkewe, mtu mwema, ameshauliza mara mbili. Kama Athanas hataonekana kabla ya mavuno, ng'ombe watarudishwa kwao, na Selestine atajibiwa ndiyo.

Wiki hiyohiyo alirudi kijana wa jirani aliyekuwa akifanya kazi mgodini. Shangazi hakungoja hata anawe miguu.

"Penseli yake imefika wapi?" akamuuliza.

"Penseli ipi, mwalimu? Athanas siku hizi anaandika kwa ile ya chuma, ya kuzungusha kichwa. Aliachiwa na Mzungu mmoja mpima ardhi aliyerudi kwao. Risasi inatoka ndani yenyewe. Haichongwi ile."

"Haifupiki?"

"Itafupikaje? Ni chuma."

Shangazi alikaa chini palepale. Kesho yake alimwomba Mama mdogo Mbuke amsindikize, kwa sababu msichana hakwenda peke yake kumtafuta mwanamume, na Mbuke, ambaye siku zote alipenda safari kuliko alivyopenda heshima, alikubali kabla hajamaliza kuombwa. Walipanda treni mpaka Mwanza, wakavuka maji, wakapata lori. Njia nzima Shangazi alikuwa akipanga maneno. Alipanga ya hasira, akayafuta, akapanga ya upole, akayafuta hayo pia.

Walimkuta kambini, mchana wa Jumapili, anafua shati. Ukweli usemwe: alifurahi. Alifurahi mpaka akaacha shati likaanguka kwenye matope. Alimwamkia Mbuke shikamoo mara mbili, akakimbia kununua nyama, akapika mwenyewe, akampa Shangazi kigoda pekee kilichokuwepo chumbani. Shangazi anasema aliposikia tu sauti yake aliona ile miaka yote imerudi nyuma, kama vile walikuwa bado dukani kwa Kanji. Mbuke alipokula akashiba, akatoka nje kulala kivulini kwa makusudi.

Athanas akavuta kopo kutoka chini ya kitanda. Sasa yalikuwa makopo mawili. Akamwonyesha moja moja, za kijani, za manjano, zenye raba kichwani, zilizotoka kwa wapima ardhi, kwa Wahindi wa Mwanza, kwa padre mmoja mgonjwa. Akamwonyesha ile ya chuma, akazungusha kichwa chake, na risasi nyembamba ikachungulia. Mwisho akafungua kitambaa kilichojaa pamba safi ya kwao Shinyanga. Ndani ililala nusu ya penseli nyekundu, na maandishi yake ya dhahabu yakiwaka. Haikuwa na ncha. Ilikuwa vilevile ilivyotoka kwenye kisu.

"Sikuitia wembe hata mara moja," Athanas akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Kila jioni naifungua, naitazama, nakukumbuka. Kisha naifunga."

Shangazi aliitazama ile nusu. Alikuwa anapendwa, hilo aliliona wazi. Alikuwa anapendwa kuliko alivyofikiri, na alitaka kulia kwa furaha na kutupa sufuria ukutani kwa wakati mmoja.

"Tulikubaliana ziishe," akasema.

"Ningewezaje kuimaliza, Klara? Hii ni wewe."

"Mimi ni mimi. Niko hapa. Nimekalia kigoda chako."

Akanyoosha mkono akaichukua ile nusu, na wembe uliokuwa dirishani, akaanza kuchonga. Alichonga kama mwalimu anavyochonga, haraka, bila kutazama. Athanas alisema hapana. Alisema Klara, taratibu. Alisema Klara, tafadhali. Hakumshika mkono, na Shangazi anasema moyoni alikuwa anamwomba amshike. Vipande vyekundu viliangukia gauni, risasi ikakatika, akachonga tena, maandishi ya dhahabu yakaondoka herufi moja baada ya nyingine, mpaka hapakubaki cha kushika.

"Imeisha," akasema. "Lori linaondoka kesho asubuhi. Twende nyumbani, Athanas. Ng'ombe wako uani kwa baba. Nimechoka kukungoja, nakutaka wewe."

Athanas alikuwa amepiga magoti sakafuni anaokota vile vipande, anavikusanya kiganjani.

"Ungeniachia hata pale penye maandishi," akasema.

Asubuhi, Shangazi na Mbuke walipanda lori mapema wakakaa juu ya magunia. Shangazi hakuwa na hasira tena. Alikuwa anamtaka tu. Angekuja hata bila viatu, hata bila neno la maana, angesogea akampisha akae, na habari ya penseli isingetajwa tena maisha yao yote. Dereva alikuwa ameshawasha gari Athanas alipotokea anakimbia, vifungo vya shati vimefungwa kombo. Mbuke akamfinya Shangazi kwa furaha. Shangazi alisimama juu ya magunia.

"Nimekuja, Klara!" akaita, akihema. Akaingiza mkono mfukoni akatoa penseli nyingine nyekundu, mpya kabisa, na wembe. "Nilikuwa nimeificha hii. Shika upande huo, tukate. Safari hii naitumia kila siku, naapa kwa Mungu."

Shangazi alitazama mkono wake mwingine. Alitazama bega lake, akatazama chini miguuni pake, akatazama nyuma yake njia yote mpaka kwenye nyumba za kambi.

"Mzigo wako uko wapi?" akamuuliza.

"Mzigo?" akasema Athanas.

Lori likaondoka. Shangazi alimlilia mpaka Mwanza, na kwenye treni akamlilia tena.