Chungu Nilichokipasua Hekaluni

Ndiyo, yule bibi kwenye video mnayotumiana ni mimi, na msinionee huruma, aibu yangu naibeba mwenyewe.

Mama Nilesh, mwenye duka la vitambaa pale Mkuyuni, jirani yangu miaka mingi, alinialika kwenye hekalu lao la Wahindu, zile siku tisa wanazomchezea mungu wao mama. Mama mkwe wake hakutaka (alisema mgeni ataharibu), Mama Nilesh akanidhamini kwa mdomo wake, kisha akaniomba nikae kwenye kiti niangalie. Ningekaa, haya yasingetokea.

Lakini ngoma ilipoanza, wanawake wakazunguka peku, wanapiga makofi, wanainama, wanageuka, katikati kuna chungu chenye matundu na taa inawaka ndani yake, nikasema mimi Msukuma nikae kama mgonjwa? Nikavua kandambili nikaingia. Mzunguko wa kwanza nilikosea, wa pili nikashika, wa tatu watu wakaanza kunitazama, na kwetu ukishatazamwa huendelei kuzunguka na wenzako, unaingia katikati uwaonyeshe (ndivyo tulivyoshindana usichanani, watu waliiacha ngoma ya wenzetu wakahamia kwetu). Nikaingia. Nikatikisa mabega, nikaruka, nikashuka na kisigino juu ya chungu.

Kikapasuka. Mafuta yakamwagika, taa ikazimika, makofi yakakatika.

Mama mkwe akasema polepole, "Nilikwambia." Hakuniambia mimi, alimwambia Mama Nilesh, na hapo ndipo aibu iliponiingia.

Mama Nilesh akanivuta pembeni. "Mama Kulwa, pale katikati, kwenye chungu, anakaa mungu mama mwenyewe. Sisi wote tunamzunguka."

Sikuambiwa, na sikuuliza.

Nikamwendea yule mama mkwe, nikapiga magoti (magoti haya mabovu), nikasema mkwe wake hana kosa, mwenye kosa ni mimi. Akaniuliza kama sasa nitakaa kwenye kiti.

"Chungu nitakufinyangia kingine, mama," nikamjibu. "Kwenye kiti sirudi."

Jumapili kina mama wa kanisani kwetu Nyakato wakataka nitubu dhambi ya kucheza hekaluni. Nikawaambia nimeshatubu kwa mwenye chungu, miguu haijamkosea mtu mwingine.

Chungu nimekifinyanga kama alivyonifundisha mama yangu, ila kinene zaidi. Mama mkwe alikigonga kwa kidole, akakigeuza, akakigonga tena, halafu akamwambia Mama Nilesh, "Mwakani mlete."

Nitakwenda. Katikati siingii tena maisha yangu yote, lakini siku mtakayonikuta kwenye kiti, mwiteni daktari.