Toba ya Silvanus Tulk

Silvanus Tulk alikuwa mwovu kwa kazi. Katika jumba la maigizo pale Lambeth, ng'ambo ya mto, kila jioni alibandika masharubu meusi, na fidla zilipoanza kutetemeka watu wa roshani walijua anaingia nani, wakamzomea kabla hajatoa mguu. Alishaghushi wosia, akachoma vinu vya kusagia unga, akafukuza wajane kwenye theluji. Nyumbani alifuga chiriku, na mkewe Keziah akimtuma sokoni alikwenda bila neno. Huko muuza samaki alimpa mikia tu.

"Mwache yatima wa watu," alimwambia, "ndipo nikupe mnofu."

Tulk aliipokea mikia kama nishani.

Yatima mwenyewe alikuwa Bi Drusilla Fenn, mwanamwali wa miaka kumi na minane tangu Tulk alipokuwa bado na nywele. Sasa alikuwa na wajukuu, na mwili ulikuwa umemkubali hasa. Lakini yatima lazima azirai, na akizirai lazima abebwe. Wa kumbeba alikuwa shujaa mpya, Lucian Pettifer, kijana mwenye sauti ya radi na miguu ya korongo.

Jumatatu moja kinu kikawaka jukwaani. Bi Drusilla akazirai mahali pake pa siku zote. Pettifer akainama, akamkumbatia, akanyanyua. Kiuno kikalia ka.

"Nibebe basi, mwanangu," Bi Drusilla akanong'ona, macho kayafumba. "Moshi huu si wa kuigiza."

"Mgongo umekwama, mama. Sipandi, sishuki."

Tulk alikuwa juu ya mwamba wa mbao, akicheka kama alivyopangiwa. Akaacha kucheka, akashuka.

"Sogea," alimwambia Pettifer, akambeba bibi wa watu begani.

"Mwache, mshenzi wee," roshani ikanguruma. "Anamrudisha motoni huyo." Maganda ya machungwa yakamnyeshea. Alipomlaza salama, ukumbi mzima ukimkodolea macho, hakuwa na maneno aliyoandikiwa. Akavua kofia.

"Hata mimi nina mama," akasema.

Kisha kina mama wakaanza kulia, na makofi yakatikisa taa.

Gosling, mwenye jumba, akaamua: mwovu atubu kila jioni. Muuza samaki akaanza kumpa mnofu na kumwulizia hali ya mama. Tulk akapoteza hamu ya kula.

"Una nini, Baba Lydia?" Keziah akauliza. "Watu wanakupenda."

"Ndiyo hilo. Naingia, wananyamaza kama wako kanisani. Jana mtoto kaniambia pole."

Alimwomba Gosling amrudishie uovu wake, Gosling akakataa. Basi Jumamosi, ukumbi umejaa hadi ngazini, Tulk akambeba yatima, akamlaza, akavua kofia taratibu.

"Hata mimi nina mama," akasema, akawaacha watoe leso. "Nilimuuza."

Jumba likapasuka kwa mazomeo. Mtu alirusha kiatu. Bi Drusilla, aliyezirai, alijiziba uso kwa shungi lake, mabega yakitikisika. Nyuma ya pazia Gosling alishika kichwa, kisha akasikia watu wakiulizana kama Jumatatu mhaini huyu atakuwepo, akakiachia.

Mlangoni kina mama walimngoja na miavuli ya kumpigia. Tulk alipita katikati yao, kofia imebonyea, akawainamia mmoja mmoja kwa heshima, akaenda zake nyumbani akipiga mluzi.