Treni ya Baba Kwenye Laptop

Baba yangu aliendesha treni kati ya Kigoma na Tabora kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alistaafu akiwa mzima, akamalizia nyumba yetu ya Gungu, akaanza kufuga kuku. Kisha asubuhi moja, akifunga kamba za viatu, kiharusi kikamkamata. Kilimlegeza mkono wa kulia na mguu wa kulia, kikamwachia ulimi mzito. Mtu aliyekuwa akipiga hadithi kutoka Uvinza mpaka Kaliua bila kuchoka sasa alilitafuta neno "chumvi" mezani mpaka machozi yakamlenga. Baada ya muda akaacha kuyatafuta maneno. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni, uso ukiwa umeelekea ukutani.

Mimi nahariri video za harusi, na kazi yangu nilikuwa naifanyia hapohapo sebuleni kwa sababu chumbani kwangu hakuna hewa. Siku moja, kwa kutaka tu kumchangamsha, niliweka gemu ya treni kwenye laptop yangu. Ilikuwa njia ya huko Ulaya, yenye milima na theluji, na vituo vyenye majina ambayo hatukuweza kuyatamka. Nikamsogezea kimeza, nikamwonyesha kitufe cha mwendo, cha breki na cha honi. Aliweka mkono wa kushoto juu ya kibodi, akatulia kidogo, treni ikaondoka.

Nilirudi kwenye simu yangu. Ghafla nikamsikia anasema, "Taa ya njano ile. Umeiona? Hapo unaanza kupunguza. Usingoje nyekundu."

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu augue. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Tangu siku hiyo kila alasiri ikawa ya treni. Vituo vya Wazungu akavipa majina ya vituo vya njia yake ya zamani. Kituo cha kwanza kilikuwa Luiche, cha pili Kazuramimba, na lile daraja refu lililopita juu ya mto ulioganda likawa Malagarasi. Alikuwa anasimamisha treni sawasawa na jukwaa, mlango wa behewa la kwanza ukiwa pale unapotakiwa, kisha ananigeukia na nusu ya uso wake iliyobaki na tabasamu.

Tatizo lilikuwa laptop. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na gemu ile ilikuwa nzito kwake. Theluji ikianza kuanguka, feni ililia kama kipanga, picha ikawa inakwamakwama, na chini pakawa pa moto kiasi cha kuunguza kitambaa. Baba alikuwa anaiwekea kiganja pembeni kama anayempima mtoto homa.

"Injini inakohoa," alisema.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanzia. Nilimpeleka kwa bajaji hadi mtaa wa Mwanga, kwenye duka la jamaa anayeuza na kutengeneza kompyuta. Wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo, yeye amezaliwa Kasingirima, hapahapa Kigoma, lakini Kiswahili chake bado kina mdundo wa ng'ambo. Tangu siku ya kwanza jamaa huyo alimwita baba yangu "papa", kama Wakongo wanavyomwita mzee, nami aliniita dada.

Nilimwambia nataka kuongeza memori na kubadilisha diski ya zamani niweke ya kisasa. Alitikisa kichwa.

"Dada, memori nitakuongezea, diski nitabadilisha. Itawaka haraka, harusi zako zitafunguka haraka. Lakini theluji ya papa itabaki vilevile. Picha za gemu zinachorwa na kadi, na kadi ya laptop imechomelewa kwenye ubao. Haing'oki ukaweka nyingine. Ukitaka kadi yenye nguvu, unanunua laptop nyingine."

"Unasema hivyo kwa sababu unazo za kuuza," nikamwambia.

"Ninazo, ndiyo. Na bado nasema kweli."

Baba alikuwa anatusikiliza, midomo ikijipanga. "Kwa hiyo," alisema polepole, "anaongeza mabehewa. Injini... ni ileile."

Jamaa akacheka mpaka akaegemea meza. "Papa amemaliza maneno."

Hakuwa amemaliza. Huo ulikuwa mwanzo tu. Laptop za gemu zilizokuwa dukani zilikuwa zimetumika, zimetoka Dar, na ya bei nafuu kabisa ilikaribia milioni tatu. Kwa fedha hiyo, nilisema, naweza kuifufua yangu na kubakiwa na chenji ya kutosha. Baba akasema kuifufua ni kuongeza chumvi kwenye mboga iliyoungua. Nikasema kadi kubwa inakula umeme na inatoa joto, na Gungu umeme ukipungua hata friji inatetemeka. Akasema basi tusitafute kadi kubwa kuliko zote, tutafute laptop yenye feni mbili na matundu mapana, hata kama kadi ni ya daraja la kati, kwa sababu mashine inayopoa vizuri inadumu. Jamaa wa duka yeye alitaka tuchukue ile yenye kioo kinachobadilisha picha haraka zaidi. Baba akamuuliza jicho la mzee kama yeye litaiona wapi tofauti hiyo.

Mambo haya hakuyatoa hewani. Nilikuwa namwekea kwenye simu video za vijana wa Dar na Nairobi wanaolinganisha laptop, naye akizitazama akiwa amekunja uso. Alijifunza kusema "prosesa". Mara ya kwanza ilitoka "posesa", na alilirudia kwenye kiti chake mchana kutwa mpaka herufi zikakaa. Tulirudi dukani mara nyingi. Tulishindania bei, dhamana, umri wa betri. Aliuliza kila laptop ilikuwa ya nani na ilikuwa ikifanya kazi gani kabla ya kufika Kigoma, kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

Mama mwanzoni alilalamika. "Hizo ni fedha za bati za nyumba nzima," alisema, "nyie mnazungumzia treni ya uongo." Lakini jioni moja aliniita uani, akiwa anachambua dagaa, akasema kwa sauti ya chini, "Msiharakishe kununua. Tangu mwanze kubishana, baba yako anaongea."

Nilikumbuka maneno hayo baadaye. Wakati ule ningesubiri hata mwaka, ila laptop yangu ilianza kuzima yenyewe katikati ya kazi, na harusi za watu hazisubiri. Tulikubaliana na jamaa: nimpe yangu, niongeze fedha juu yake, nichukue ile yenye feni mbili ambayo baba alikuwa ameichagua. Baba aliishika mapajani kwenye bajaji njia nzima, mkono wa kushoto juu, wa kulia umelala pembeni yake.

Tuliiwasha palepale. Theluji ilianguka laini, kila punje inaonekana. Milima ilipita bila kukwama. Feni ilisikika kama mtu anayepumua usingizini. Hata mama alivuta stuli akakaa. Baba akaondoa treni, akapata mwendo, taa ya njano ikatokea, na mkono wake ukaanza kuelekea kwenye breki.

Treni ilipita Luiche. Haikusimama. Jukwaa lote lilitupita na abiria wake wa kuchorwa, na mbele taa nyekundu nayo ikapitwa, gemu ikakatika.

"Breki zake nzito kidogo," nikasema. "Hujaizoea."

Alirudia. Safari hii alianza kupunguza mapema, akasimama mbali na kituo, watu wakabaki jukwaani wanangoja. Akarudia tena, akapita tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mama alinyanyuka akarudi jikoni.

Nilidhani ni mipangilio. Nilihangaika nayo siku kadhaa, mwisho nikampigia jamaa wa duka, nikaweka simu sauti ya nje huku macho yangu yakiwa kwenye kioo. Sikufikiri kama baba anasikia, na hata kama ningefikiri, sikujua kitakachosemwa.

"Mpya haina kosa, dada," alisema. "Ile ya zamani ndiyo ilikuwa inadanganya. Gemu kama hiyo kompyuta ikizidiwa, haikwami picha peke yake. Dunia nzima ya mle ndani inakwenda polepole. Sekunde ya gemu inakuwa ndefu kuliko sekunde ya saa yako. Hii ya sasa inakwenda kwa mwendo wa kweli."

Nilikata simu. Baba alikuwa ananitazama.

"Kwa hiyo," alisema, "ilikuwa inanisubiri."

Nilianza kusema maneno mengi. Nilimwambia naweza kuilemeza hii mpya, nikaweka kila kitu juu kabisa, theluji, vivuli, abiria, mpaka nayo ishindwe na kupunguza mwendo. Alinyanyua mkono wa kushoto kunizuia.

"Usiitese mashine kwa ajili yangu."

Aliendelea kujaribu peke yake kwa siku chache. Nilikuwa nahamia uani nisimwone. Kisha akaniambia niitoe gemu ile kabisa. Nilikwenda Mwanga kuuliza laptop yangu ya zamani, nikiwa tayari kuinunua tena. Jamaa alinionyesha boksi la vipuri. Kioo chake kilishahamia kwenye kompyuta ya mwalimu mmoja wa Simbo, kibodi ilikuwa kwa mtu mwingine, na ubao alioutaja siku ile ya kwanza ulikuwa umetobolewa. Alinipa pole kama anayempa mtu aliyefiwa. Sikumwambia baba kwamba nilikwenda.

Nilifikiri huo ndio mwisho wa maumivu. Lakini baba alikuwa anawaza jambo lingine, na alilishika kwa muda mrefu kabla ya kulitoa. Alasiri moja aliniomba nimpigie dereva msaidizi wake wa miaka ya mwisho kazini, ambaye baada ya baba kustaafu alihamia Tabora. Walisalimiana, wakaulizana watoto. Kisha baba akakusanya maneno.

"Nataka kukuuliza. Miaka ile ya mwisho. Mkono wangu... ulikuwa umeanza kuchelewa? Ulikuwa unanishikia breki?"

Upande wa pili palikuwa kimya. Nilisikia kuku wa jirani.

"Mzee," yule bwana alisema hatimaye, "sisi tulikuwa tunafanya kazi pamoja."

"Ahsante," baba alisema. "Ahsante sana, mdogo wangu."

Alinirudishia simu. Jioni hiyo hakula. Mama alimuuliza kwa Kiha anaumwa wapi, akajibu haumwi popote. Kuanzia hapo maneno yakaanza kumwondokea tena, na safari hii hakuyakimbilia. Nilimletea video za laptop mpya zilizotoka, nikabisha kwa makusudi, nikasema kadi fulani ni bora kuliko fulani huku nikijua si kweli. Alikuwa ananiangalia kwa upole, ananiachia nishinde.

Kiharusi cha pili kilikuja mvua zilipoanza. Hakuchukua muda.

Tulimzika Simbo, kwa wazee wake. Yule dereva msaidizi alikuja kwa treni kutoka Tabora, mtu mrefu mwenye mvi za pembeni, akakaa na wanaume chini ya turubai mpaka watu walipoanza kutawanyika. Nilimpelekea chai, nikakaa karibu naye. Nilimshukuru kwa kuja. Nikamwambia nilikuwepo siku ile baba alipompigia, na kwamba alimjibu kwa heshima, hakumvunja moyo.

Alinitazama kama hakunielewa. "Kumvunja moyo vipi?"

"Kuhusu breki."

Aliweka kikombe chini kwenye nyasi. "Mwanangu, mimi sikuwahi kumshikia baba yako breki. Hata siku moja. Mpaka anaondoka kazini, hakuna aliyekuwa anasimamisha treni kama yeye."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilishtuka. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, halafu ananiuliza swali kama lile. Nilidhani ananipima, anataka kuona kama nitajisifu. Na nikaogopa, nikisema hapana harakaharaka ataona namfariji kwa sababu ni mgonjwa. Nikatafuta jibu la adabu." Alisugua magoti yake. "Aliniambia ahsante. Nikajua tumeelewana."

Sikumwambia kwamba baba alilichukua jibu lile kuwa ndiyo ya heshima. Alikuwa na safari ndefu ya kurudi, na macho yake tayari yalikuwa mekundu. Nilimjazia chai.

Mama nilimwambia, wiki kadhaa baadaye, kwa sababu sikuweza kukaa nalo peke yangu. Alikuwa ameketi kizingitini anasuka ukili, nikakaa chini kando yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vikaacha kwenda.

"Alikuwa anaweza kuniuliza mimi," alisema. "Miaka yote ile mafundi wa karakana ya reli walikuwa wanakuja kula kwetu. Mkono wake ungekuwa umechelewa, wangesema, ningejua."

Halafu akaniomba nimsaidie kunyanyuka, maana miguu ilikuwa imekufa ganzi, na tukakaa hivyo tumeshikana mikono, hakuna aliyesimama.