Sikio la Mkwe na Miayo ya Bibi

Majirani zangu wa Kisongo mnajua kwamba mimi na safari hatuelewani. Nikifika tu pale uwanja wa ndege, nyumbani bado panaonekana, naanza kukikumbuka kitanda. Lakini Lomayani, mtoto wa kaka yangu, alitaka kumwoa Upendo wa huko mlimani, juu ya kituo cha Maji ya Chai, na barua yetu ya kwanza ya posa ilirudishwa bila kufunguliwa, kwa sababu washenga walichelewa. Baba Upendo akatuma salamu: akiirudisha ya pili, ya tatu tusihangaike kuiandika. Siku mbili kabla ya safari mshenga mmoja akashikwa na mgongo. Ndipo wakanikumbuka mimi.

“Kazi yako ni kukaa,” aliniambia kaka Elia, msemaji wetu. “Kukaa unaweza?”

“Hiyo kazi nina uzoefu wa miaka arobaini, kaka.”

“Na usiige mtu!” akadakia dada Naomi.

Hapo lazima niueleze ugonjwa wangu. Mtu akijikuna mbele yangu, najikuna. Akichechemea, nachechemea. Sifanyi makusudi, mwili unaondoka wenyewe, mimi nabaki kuufuata. Sekondari nilichapwa kwa kumwigiza mwalimu wa jiografia, siku ambayo kwa mara ya kwanza nilikuwa namsikiliza kwa makini.

Saa moja na nusu asubuhi tulipanda kirikuu ya kukodi, kale kagari kadogo ka mizigo, Elia mbele na dereva, mimi na Naomi nyuma na kreti la soda na mfuko wa sukari. Tengeru tulisimama kidogo. Kando ya barabara jamaa mmoja akatazama juu. Wa pili akatazama juu. Muuza ndizi akatazama juu. Nikatazama na mimi mpaka shingo ikauma. Hakukuwa na kitu. Hata mlima ulikuwa umejifunika mawingu.

“Umeona nini?” Naomi akauliza, naye kichwa juu.

Saa tatu na robo, Maji ya Chai. Dereva aliuona mwinuko wa matope, akazima gari, akafungua gazeti. Ikawa ni miguu. Mimi na Elia tukashika kreti, huyu huku, yule kule. Elia ni mrefu na hatua zake ni ndefu. Kreti likawa linatupiga mundi kwa zamu, chupa zinapiga kelele kama harusi imeshaanza. Naomi, sukari kichwani, akachoka kutucheka. Akaanza kutuimbia mchakamchaka wa shule: kushoto, kulia, kushoto, kulia! Basi, tulipoishika tu ile mipigo, kreti likawa jepesi. Na kaka Elia, ambaye siku zote huongea nami kama anasoma tangazo la msiba, akaanza kunitania. Tulikuwa tunacheka tu, bila sababu yoyote ya maana.

“Sasa sikilizeni,” Naomi akasema. “Huyu mzee tunayemwendea, Baba Upendo, ana masikio makubwa. Shuleni walimwita Sungura, na mpaka leo hajasamehe. Msiyaangalie.”

Mbele yetu kondoo walikuwa wanashuka. Wa kwanza akaruka tawi lililoanguka njiani. Wa pili akaliruka, akalipiga teke likaenda mtaroni. Wa tatu akaruka palepale, hewa tupu. Wa nne naye. Wote waliobaki wakaruka hewa. Tulipofika pale, nami nikaruka. Elia hakuruka. Chupa tatu za soda ya machungwa zikapasuka.

Mama mwenye kondoo akasimama kunitazama. “Baba, wewe ni wa ngapi kwenye kundi langu?”

Saa nne kamili tulikuwa mlangoni, katikati ya migomba na kahawa. Baba Upendo alitupokea kwa upole, akatukalisha, chai ikaja. Pembeni alikaa mama yake, Bibi, amejifunika kanga. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kutuondolea macho. Elia akaweka barua mezani, akaanza hotuba yake ya ua tuliloliona bustanini.

Baba Upendo, akifikiri, huvuta sikio lake la kushoto.

Nilikalia mikono. Wallahi niliikalia. Lakini alipovuta mara ya pili, mmoja ulichomoka, ukaenda moja kwa moja sikioni kwangu. Akavuta, nikavuta. Elia akanyamaza katikati ya ua.

“Wewe kijana,” Baba Upendo akasema taratibu, “masikio yangu yana nini?”

“Mzee, huyu ni mdogo wangu,” Elia akajitetea. “Yeye haongei.”

“Haongei, lakini anaonyesha.” Akaichukua barua, bado imefungwa, akamnyooshea Elia.

Nilimwona Lomayani kwa macho ya moyo, kasimama getini anatusubiri. “Mzee, si dharau!” nikasema. “Mwili wangu hauna breki. Mtu yeyote akifanya kitu, unafuata.”

“Mtu mzima? Uongo huo.”

“Si tumpime?” akasema Bibi. Akafungua kinywa chenye meno matatu, akapiga mwayo mrefu, wa raha kabisa. Nilikaza taya. Nikakaza macho. Mwayo ukanishinda, nikaupiga mpaka machozi. Naomi akafuata. Elia akafuata, na mkono wa msemaji mdomoni.

“Hayo ni maigizo,” Baba Upendo akasema. “Mimi siwezi kuambuki... aaah...”

Akapiga mwayo wa kumeza nyumba, barua ikining’inia mkononi. Mbwa mlangoni naye akapiga wake, na filimbi mwishoni.

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Baada ya hapo sijui nieleze nini. Kila Elia aliposema “Sasa, mzee,” mtu alipasuka upya. Baba Upendo alijifuta macho kwa kitambaa cha meza. Alipopata pumzi, aliifungua barua, akaisoma, akaomba kalamu. Majibu ya posa huchukua wiki nyingi. Yeye aliandika palepale, bado anacheka: *Tumekubali. Njooni tupange.*

Saa nane mchana tulianza kushuka. Njiani niliwaza kwamba miaka yote hii nimedhani nina ugonjwa peke yangu, kumbe tunao wote, wenzangu wanauficha tu. Na watu mkishapiga miayo pamoja, ni kazi ngumu sana kurudi kuwa wageni.

Baba Upendo alitusindikiza, akitembea sambamba nami. Mimi hutembea vidole nje, kama bata. Mke wangu amenisema mpaka amechoka. Nikatazama chini. Buti za mkwe wetu nazo zilikuwa zimetazama nje, moja huku, moja kule, hatua kwa hatua na zangu. Naomi akaona, akanifinya.

“Usimwambie,” akaninong’oneza.

Sikumwambia. Nilipunguza mwendo tu, tusifike barabarani mapema.